Mimi nileteeni Siku ya Pai, ile ya Januari

Mmeuliza wiki hii: ukiruhusiwa kuhamishia nyumbani sikukuu moja ya chakula ya watu wengine, utachukua ipi na utapika nini? Mimi jibu ninalo zamani, Siku ya Pai ya Wamarekani, Januari 23, na najua kuna mtu ashaanza kuguna ati pai nayo ni ya kufanyiwa sikukuu, subiri kwanza.

Kwetu Mombasa pai tunayoijua zaidi ni ya nyama, ile inashinda kwa kabati la kioo la bekari tangu asubuhi, ukiinunua saa kumi jioni unatafuna tu huku unashushia soda. Nilipokuja kuishi Indiana, huku Marekani, ndo nikaona watu wazima wanabishana kabisa juu ya ganda la pai, huyu anatia siagi, yule anatia mafuta ya nguruwe (hapo mimi napita zangu). Siku yenyewe haina makuu. Ilianzishwa miaka ya 70 na Charlie Papazian, mwalimu wa Boulder, Colorado, ambaye baadaye alikuja kujulikana zaidi kwa mambo ya kutengeneza bia nyumbani, yeye siku yake ya kuzaliwa alikuwa anapenda pai kuliko keki, basi akaitangaza siku hiyo iwe ya pai nchi nzima, kwisha. Tangu 1986 American Pie Council, chama cha Wamarekani cha mambo ya pai, ndo wanaisimamia. Msiichanganye na Machi 14, ile ni ya watu wa hesabu na namba yao pai, 3.14 (Wamarekani huandika mwezi kwanza, 3/14), ilianzia Exploratorium, makumbusho ya sayansi kule San Francisco, mwaka 1988, pai wanakula ndio lakini mwenye shughuli ni namba.

Sasa kwa nini Januari? Manake Januari sisi tunaijua vizuri, Njaanuari, Krismasi imemaliza kila kitu, karo inadaiwa, mshahara hauonekani. Na ukifuatilia pai nyingi za Wamarekani wa zamani zilizaliwa kwenye hali hiyo hiyo, baridi imebana, matunda ya stoo yameisha, mama ana unga na sukari na hana tunda hata moja, na watoto wanataka kitu kitamu. Hapo ndo unakuta pai ya siki, siki ikikaimu limau, na pai ya molasi ya wale watu wa asili ya Kijerumani wa Pennsylvania, na kiboko yao pai ya tufaha isiyo na tufaha, ambayo Ritz walikuja kuichapisha kwenye boksi la biskuti zao: biskuti za chumvi, shira ya sukari na limau, mdalasini, na mtu anakula anaapa ni tufaha.

Indiana wana ya kwao, pai ya sukari na krimu, mwaka 2009 Seneti ya jimbo ikaipa heshima ya kuwa pai ya jimbo. Nilifundishwa na bibi mmoja jirani. Unga wa ngano na chumvi kidogo, siagi ngumu iliyotoka friji saa hiyo hiyo, unaisugua kwa ncha za vidole mpaka ibaki vipande kama kunde, maji ya barafu vijiko vichache, unakusanya donge, unaacha. Hapo kuacha ndo kazi kwa sisi watu wa chapati, mkono unataka kukanda tu, na ukikanda siagi inayeyuka mapema, wakati inatakiwa iyeyukie ndani ya oveni, ule mvuke wake ndo unaachanisha ganda likawa la kumegeka. Ukishalisukuma na kulilaza kwa sahani yake unamwaga sukari na unga kidogo humo humo kwenye ganda bichi, krimu juu, halafu unakoroga kwa kidole, sio kijiko, kijiko kitalitoboa, ndo maana wenyewe wengine huiita pai ya kidole. Juu unakunia kungumanga. Yaani kungumanga, ile ile ya kwenye halua, naikuta katikati ya mashamba ya mahindi ya Indiana!

Oveni isiwe kisingizio. Anayejua kupalia makaa ya mkate wa sinia anaweza kuoka pai, ila asiubane sana moto wa chini, ganda la chini likibaki bichi pai imekwisha hata juu ing'ae vipi. Siagi ikiwa ghali basi majarini, mradi iwe baridi.

Na sisi Januari tuko na bahati ambayo wao hawana, Pwani maembe yamejaa. Chukua yaliyoanza tu kuiva, yakiiva sana yanatoa maji ganda linalowa. Lakini mimi mwenyewe ntaanza na viazi vitamu, pai ya Wamarekani weusi, hasa wa kusini, vipo kila soko na havimshindi mtu bei: unachemsha, unaponda, mayai, maziwa, sukari, mdalasini na kungumanga, unaoka mpaka katikati pasitikisike. Iache ipoe kabisa kabla ya kukata, na najua hapo ndo watoto wa nyumbani kwetu watanishinda.