Barua kwa Mwanangu: Askari wa Pili katika Picha ya Babu

Mwanangu mpendwa,

Marahaba. Barua yako imenifikia, pamoja na nakala ya ile picha kubwa iliyokuwa ikining'inia sebuleni kwa marehemu bibi yako. Umeniuliza yule askari aliyesimama na babu yako ni nani, kwa kuwa bibi alikuwa akisema siku zote kwamba ni kaka yake babu, nasi sote tukachukulia kuwa ni baba yangu mkubwa aliyepotea vitani. Umeongeza kwamba umeweka uso wake kando ya wangu kwenye kompyuta, na umeona tumefanana mno.

Kufanana naomba ukuweke kando kwanza. Wanaume wa ukoo wetu wote wana paji lile lile na masikio yale yale, na anayeanza na sura humwona mtu ambaye tayari alikuwa akimtaka. Mimi nilianza na karatasi yenyewe.

Picha uliyonayo ni nakala iliyokuzwa baadaye, haina maandishi yoyote nyuma. Ile ya asili ni ndogo, imechapwa kwenye karatasi ya kadi ya posta, nami nimeikuta Muheza kwa shangazi yangu, ndani ya Biblia. Nyuma yake kuna mhuri wa zambarau wa duka la mpiga picha wa Colombo, huko Ceylon, ambayo leo ni Sri Lanka. Mhuri huo ulinieleza mengi kuliko nyuso zote mbili. Babu yako alikuwa katika kikosi cha 36 cha KAR (King's African Rifles, jeshi la Waingereza la askari wa Afrika Mashariki), kilichotoka Tanganyika, kama cheti chake cha kuachishwa jeshi kinavyosema, na kikosi hicho kilikuwa sehemu ya Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki. Divisheni hiyo ilipelekwa Ceylon mwaka 1943 kwa mazoezi, ikaingia Burma katikati ya mwaka 1944, ikashuka Bonde la Kabaw wakati wa mvua kubwa na kuuvuka mto Chindwin mwezi Desemba. Tazama begani kwa wote wawili: ile alama ya kichwa cha kifaru ndiyo beji ya divisheni hiyo. Vifuani hawana utepe wa nishani hata mmoja. Kwa hiyo naiweka picha hii kati ya 1943 na katikati ya 1944, wakati vijana wa kwetu walipokuwa wakipewa ruhusa ya kwenda mjini na mishahara yao mfukoni.

Sasa mlinganishe na baba yangu mkubwa. Yeye hakuwa askari wa miguu. Alikuwa katika jeshi la mizinga. Barua yake ya mwisho, aliyoiandika Januari 1944 akiwa kambini Kenya, inasema wazi kwamba bado hawajavuka bahari. Mwezi uliofuata walipakiwa Mombasa katika meli Khedive Ismail kuelekea Colombo, na tarehe 12 Februari 1944 nyambizi ya Kijapani iliizamisha karibu na visiwa vya Maldives. Ilizama kwa muda wa dakika mbili tu, na zaidi ya watu 1,200 walikufa, wakiwemo askari wengi wa mizinga wa Afrika Mashariki. Majina ya askari hao yamewekwa katika ukumbusho uliomo ndani ya makaburi ya vita ya Nairobi, nawe unaweza kuyatafuta kwenye tovuti ya Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola, mradi ujaribu tahajia kadhaa, kwa kuwa makarani waliandika majina yetu kama masikio yao yalivyoyasikia. Mtu ambaye hakufika Colombo hawezi kupigwa picha Colombo.

Je, bibi alikuwa akitudanganya? Hata kidogo. Nilikwenda kwa shangazi yangu, ambaye ndiye dada yao wa mwisho aliye hai, nikamwekea picha mapajani na kunyamaza. Hili nakusihi ulishike utakapowauliza wazee: usimtajie mzee jina, maana kwa adabu au kwa uchovu atakuitikia, na wazee wawili usiwaulize wakiwa wamekaa pamoja, kwa sababu mdogo hatampinga mkubwa. Alipomaliza kuitazama akasema, "Huyu baba yako, na huyu kaka." Nikamwuliza kama kaka huyo walizaliwa naye tumbo moja. Akacheka: "Tumbo moja wapi! Huyu wa baba mdogo. Ila tulilelewa nyumba moja, mama yake alikufa mapema." Wewe umekulia mjini ambako watu siku hizi husema binamu, lakini kwao mtoto wa baba mdogo alikuwa kaka moja kwa moja, wala bibi hakuona haja ya kufafanua. Sisi ndio tuliojaza pengo kwa yule mmoja tuliyekuwa tukimsikia katika hadithi. Kwa hiyo kila utakapoambiwa kaka, babu au mama mkubwa, uliza wazazi wa huyo mtu ni akina nani kabla hujamchora kwenye mti wa ukoo.

Maneno ya shangazi pekee yasingenitosha, ingawa akili yake ni timamu kuliko yangu. Vyeti vya kuzaliwa havisaidii hapa, kwa sababu Waafrika wengi wa enzi ya mkoloni hawakuandikishwa kabisa. Kwa bahati yetu watu hawa walibatizwa Magila, kwenye misheni ya Kianglikana karibu na Muheza, na madaftari ya kanisa yanataja mtoto, baba, mama, tarehe na wadhamini. Huyo kaka yumo, chini ya jina la baba mdogo wa babu yako, na majina ya babu zao yanakutana. Kisha nikafungua miaka ya baada ya vita, nikaukuta ubatizo wa dada yangu mkubwa mwaka 1948, na mdhamini wake ni yeye yule. Watu hawakumpa mtu asiye wa karibu heshima hiyo.

Wana wa kaka huyo wanayo Nyota ya Burma, nishani ya waliopigana huko, nao wanaiona kuwa ushahidi tosha. Mimi siihesabu sana, kwani nyota za vita ile zilizotolewa na Uingereza hazikuchongwa jina la mtu. Inaweza kuwa ya yeyote aliyeiacha nyumbani mwao. Inaafikiana na mengine, basi.

Limebaki jambo la kovu, ambalo najua utaliuliza. Shangazi anasema kaka yake alikuwa na kovu juu ya nyusi ya kushoto, alilolipata utotoni kwa jembe, na katika picha yako kovu liko upande wa kulia. Angalia vifungo vya mashati yao. Shati la mwanamume hufungwa upande wa kushoto ukilala juu ya wa kulia. Katika nakala yako ni kinyume, tena kwa wote wawili. Aliyeikuza aliigeuza negativu, upande wa nyuma ukawa mbele. Katika kadi ya asili vifungo viko sawa, kovu liko kushoto, na babu yako amesimama upande ule mwingine kabisa. Kwa hiyo ukiandika "kutoka kushoto kwenda kulia", andika ni kwa picha ipi. Tumia penseli laini, nyuma, pembeni, bila kukandamiza. Kalamu ya wino hupenya hadi usoni mwa mtu.

Nimeandika jina lake nyuma ya kadi, na mbele ya jina nimeweka neno "yaelekea", pamoja na sababu zangu na tarehe ya leo. Kinachokosekana ni picha nyingine ambayo jina lake limeandikwa na mtu aliyemjua. Hapo ndipo sura itakuwa na kazi, kwa kulinganisha masikio na umbo la kidevu. Baada ya vita alikuwa mwalimu katika shule za misheni huko Magila, na karatasi na picha za UMCA, chama kilichoendesha misheni hiyo, zimehifadhiwa katika maktaba ya Bodleian, Oxford, si mbali na unapoishi. Omba picha za Magila za miaka ya 1940 na 1950, utafute za walimu, na ukipata yoyote yenye maelezo, nakili pande zote mbili pamoja na namba ya sanduku na ya faili. Usiniambie unadhani ni yupi. Nitumie tu, nimpelekee shangazi.

Baba yako