Kipindi cha sanaa hupangwa kuanzia kwenye sponji

Mwaka wangu wa kwanza kufundisha sanaa darasa la kwanza na la pili, andalio langu la somo lilikuwa na mstari mmoja tu wa maana: "Wanafunzi watachora kipepeo." Chini yake niliorodhesha vifaa, basi. Nilichora kipepeo ubaoni, nikagawa rangi zote 6 kwa kila meza, nikasema haya, anzeni. Ilipofika dakika ya 15, maji ya kuoshea brashi yalikuwa meusi, vipepeo 34 vilikuwa na rangi moja ya matope, na mtoto mmoja alikuwa amesimama kanyoosha mikono yote juu, rangi ikimtiririka hadi viwikoni, ananiuliza, "Mwalimu, nishike wapi?"

Kengele ikalia. Sikuwa nimetenga hata dakika moja ya kufuta meza. Mwalimu wa hesabu aliingia, akavuta kiti, akakaa juu ya gundi. Alininunia wiki nzima, na haki alikuwa nayo.

Tangu siku ile napanga kipindi kinyumenyume. Kwenye dakika 40, naanza kwa kukata 10 za mwisho: hizo ni za usafi, haziguswi hata kazi iwe tamu vipi. Kabla yake naweka 5 za kutazamana kazi. Mwanzoni naweka 5 za kuonyesha. Zinabaki 20 za mtoto mwenyewe, na hapo ndipo najiuliza: ndani ya dakika 20, mikono ya miaka 6 au 7 inaweza kufanya nini bila kukimbizwa? Jibu huwa ni kitu kimoja. Kuchora, kukata, kubandika na kupaka rangi ni vipindi vinne, hata kama mwongozo uliousoma umevifunga kwenye kimoja.

Usafi wenyewe nao unapangwa. Kila meza ina ndoo ndogo, sponji moja na mtu mmoja wa sponji, cheo kinachozunguka kila wiki na kinachogombewa kuliko ukiranja. Sponji naikamua mimi kabla ya kuigawa, kwa sababu mkono wa mtoto hauna nguvu ya kuikamua vizuri. Ukimpa imejaa maji, atakachofanya ni kusambaza ziwa mezani. Brashi zikishaoshwa zinasimama kwenye kopo nywele zikiwa juu. Ukiziacha zimesimama kwa nywele ndani ya maji zinapinda, na brashi iliyopinda haichori mstari tena, inafagia. Jina linaandikwa kwa penseli nyuma ya karatasi kabla ya kitu kingine chochote. Wino hutawanyika ukilowa, halafu unabaki na karatasi saba za mtu asiyejulikana. Na amua mapema kazi mbichi itakauka wapi. Kamba na vibanio vya nguo vinatosha, lakini ifunge asubuhi, usiitafute watoto 34 wakiwa wamekushikia karatasi zinazodondosha rangi.

Hayo ni ya jikoni, kama wasemavyo. Lililobadilisha ufundishaji wangu hasa ni lingine: niliacha kupanga muhula kwa picha, nikaanza kuupanga kwa nyenzo.

Zamani kila wiki ilikuwa na jambo jipya. Wiki hii udongo, ijayo chapa za majani, inayofuata karatasi za kubandika. Ilipendeza kwenye azimio la kazi, yaani mpango wa muhula. Darasani, watoto walikuwa wageni kila siku. Mtu akikutana na udongo mara moja kwa muhula, muda wote unaishia kwenye kushangaa kwamba udongo unanata. Siku hizi nyenzo moja inakaa vipindi vinne. Cha kwanza ni cha kuzoeana, bila picha yoyote inayotakiwa. Cha pili nafundisha ujanja mmoja. Cha tatu natoa swali ambalo ujanja ule unalijibu. Cha nne wanachagua wenyewe.

Chukua krayoni na rangi ya maji. Kipindi cha kwanza ni krayoni peke yake: tunabonyeza kwa nguvu, tunapapasa kwa wepesi, tunaivua karatasi yake na kuilaza ubavu, tunaweka jani chini ya karatasi na kusugua mpaka mishipa itokeze. Kipindi cha pili ninachora kwa krayoni nyeupe kwenye karatasi nyeupe, hakuna anayeona kitu, kisha ninapitisha rangi ya buluu iliyojaa maji. Mchoro unajitokeza, darasa linapiga kelele. Nta na maji havipatani, ndiyo siri yote, lakini watoto hawaichoki. Angalizo: lazima wabonyeze krayoni kwelikweli, na rangi iwe nyepesi. Rangi nzito inafunika nta na mwujiza unakufa. Kipindi cha tatu nauliza, "Usiku mvua ikinyesha, nje kuna nini?" Tayari wanajua namna ya kuficha matone ya nta chini ya giza, kwa hiyo hakuna anayeniuliza achoreje mvua.

Karatasi nayo ina neno lake hapa. Ile ya kawaida ya kuchapishia ina gramu 80 kwa mita ya mraba. Ikinywa maji inajikunja na kutoboka mtoto akiisugua. Kwa kazi ya maji natafuta ya gramu 160 kwenda juu, na ikikosekana nafanya kazi kavu. Kumpa mtoto karatasi nyepesi na brashi yenye maji ni kumpangia kushindwa.

Rangi natoa mbili tu kwa wakati mmoja. Njano na buluu zinamaliza kipindi kizima. Anza na njano, kisha buluu kidogo sana kwa ncha ya brashi, kwa sababu buluu inaimeza njano upesi. Ukianza na buluu utamwaga njano yote kabla hujaona kijani cha kueleweka. Kila mtoto anatoka na kijani chake. Tunazipanga karatasi sakafuni kuanzia kijani hafifu hadi kilichokolea, na ubishi wa nani akae kabla ya nani ndio somo lenyewe. Siku moja walibishana karatasi mbili mpaka wakaamua kuzipeleka mlangoni kwenye mwanga. Mimi nilikuwa nimekaa tu.

Zambarau iliniumbua. Niliwaahidi kwa mbwembwe kwamba nyekundu na buluu zinaleta zambarau, tukachanganya, ikatoka rangi ya godoro kuukuu. Nyekundu ile ilikuwa inaelekea kwenye chungwa, maana yake ilishabeba njano ndani yake, na nyekundu, njano na buluu zikikutana huleta kahawia. Kwa zambarau unahitaji nyekundu inayoelekea kwenye waridi. Ningelijua hilo mapema kama ningejaribu jana yake. Kwa hiyo: jaribu kila zoezi mwenyewe, kwa rangi zilezile, brashi ileile iliyochoka, ukiwa umekaa kwenye kiti kile kidogo. Kinachokuchukua wewe dakika 5 kitawachukua wao 20.

Sasa suala la mfano. Nikionyesha picha iliyokamilika, napata nakala 34 zake, pamoja na watoto sita waliokata tamaa kwa sababu yao haifanani. Nisipoonyesha kitu, nusu ya darasa inaganda. Ninachofanya ni kuonyesha mwendo wa mkono: nachora kipande, nafuta, nachora kwa namna nyingine, nafuta. Wakianza kazi ubao uko mtupu. Kuna walimu wanaotetea mfano uliokamilika na wana hoja zao, hasa kwa kazi ya kukunja karatasi, ambako hatua zikipishana hakuna kinachosimama. Kwenye kuchora, simwelewi anayeutetea.

Inasaidia pia kujua watoto wa umri huu huchora vipi wenyewe, usije ukasahihisha kisicho kosa. Viktor Lowenfeld, mwalimu wa sanaa mzaliwa wa Austria aliyehamia Marekani, alizieleza hatua za uchoraji wa watoto katika kazi yake ya mwaka 1947, na darasani ninaziona hadi leo. Kwenye miaka 7 hadi 9 hivi, mtoto huweka mstari wa ardhi chini ya karatasi na kusimamisha kila kitu juu yake. Mbingu huwa ukanda wa buluu juu kabisa, katikati panabaki peupe. Anachokiona ni muhimu hukifanya kikubwa. Na ukuta haumzuii: huchora nyumba kwa nje na watu walio ndani wakionekana.

Mimi hilo la mwisho nililijua baada ya kuharibu. Msichana mmoja alichora nyumba yenye watu watano ndani, kila mmoja na kitanda chake, kazi ya kipindi kizima. Nikamwambia kwa upole tu, ukuta hauonyeshi ndani. Akachukua krayoni ya kahawia, akawafunika wote watano, anabonyeza mpaka krayoni ikakatika. Kisha akanigeuzia karatasi: "Sasa wako gizani."

Sijamsahihisha mtoto ukuta tena. Badala yake naupangia kipindi. Tunachora mstari wa ardhi katikati ya karatasi badala ya chini, nawauliza kuna nini huko chini. Mizizi, minyoo, mashimo ya panya, mifupa, mabomba ya maji, mara moja hata shule ya sungura yenye ubao. Ni kipindi ambacho sijawahi kukiona kikikosa.

Mikasi na gundi sitavichelewesha. Wanaanza kwa kukata vipande vifupi vya mkato mmoja mmoja, kisha mstari ulionyooka, mwisho duara. Kidole gumba kiwe juu, na kinachogeuka ni karatasi, mkasi unatazama mbele. Tafuta mikasi miwili mitatu ya wanaotumia mkono wa kushoto. Mtoto anayeambiwa kila siku kwamba hajui kukata, mara nyingi ameshikishwa mkasi usio wake. Gundi: tone, si dimbwi. Basi.

Udongo unataka maelezo zaidi, kwa sababu machozi yake huja baadaye. Mtoto anatengeneza mnyama, anambandika miguu kwa kuibonyeza tu, anafurahi, na wiki ijayo mnyama amelala na miguu iko pembeni. Udongo ukikauka unasinyaa, na kiungo kilichobonyezwa tu kinaachia. Wafundishe kukwaruza pande zote mbili kwa kijiti, kupaka rojo ya udongo na maji, kisha kubonyeza na kulainisha mshono kwa kidole. Au wafundishe kuvuta miguu kutoka kwenye donge lenyewe, ambayo kwa darasa la kwanza naipenda zaidi. Kazi isiyokwisha ifunikwe kwa kitambaa chenye unyevu ndani ya mfuko wa plastiki. Na maji ya kunawia udongo usiyamwage kwenye sinki. Yaache kwenye ndoo hadi kesho yake, udongo utatuama chini, mwaga ya juu. Fundi bomba wa shule yetu alinifafanulia jambo hili kwa sauti kubwa.

Wanaomaliza mapema watakuwepo daima, na karatasi ya pili ni mtego: wakijua ipo, ya kwanza wataimaliza kwa dakika 3. Mimi huwa na swali la pili mfukoni, linalorudi kwenye kazi ileile. Nani anamtazama huyu mnyama? Ni saa ngapi hapa? Upepo unatoka upande gani? Mtoto anarudi kukaa. Wanaochelewa nao nawawekea rafu ya kazi zisizokwisha, na mwanzoni mwa kila kipindi cha nne wana ruhusa ya kuzirudia. Wengine hawazirudii kamwe, sawa tu.

Kuhusu kusifu, "nzuri sana" nimeipunguza, kwani niligundua wananiletea kazi kila baada ya mistari miwili ili niiseme. Nasema ninachokiona: umeweka buluu mpaka pembeni kabisa, huyu ana vidole sita. Mara nyingi hapo ndipo hadithi inapotoka.

Kengele ikishalia na sponji zikiwa kwenye ndoo, nina daftari dogo ambalo naandika mistari mitatu kabla sijasahau. Ya wiki iliyopita yanasomeka hivi: "Gundi bado nyingi meza ya dirishani. Dakika 10 za usafi zimetosha, zimebaki 2. Yule wa nyuma asiyeongea amegundua kuwa ukikwaruza nta kwa kucha baada ya rangi kukauka, nyeupe inatokea. Mwombe awaonyeshe wenzake Jumanne."