Maswali yenu ya mtihani wa Kiingereza: pasti pepa, samari, insha na mengine

Maswali yamekuwa mengi na mengi yanafanana, kwa hiyo nimechagua machache nayajibu hapa kwa mpigo. Kama lako halipo soma tu la mwenzako, kuna uwezekano mkubwa mna tatizo moja.

Shikamoo mwalimu. Nimefanya pasti pepa za Kiingereza mpaka zimeniishia lakini kila mtihani wa majaribio maksi ni zilezile. Nakosea wapi?

Marahaba mwanangu. Na mimi nikuulize, ukishamaliza pepa unafanya nini? Maana wanafunzi wengi ninaowaona wanafanya hivi, anafanya pepa, anaangalia majibu, anahesabu maksi, anafurahi au ananuna, halafu anavuta pepa nyingine. Hapo umejipima tu, kujifunza bado. Kazi ya pasti pepa inaanza pale ulipokosa.

Tafuta daftari dogo. Kila swali ulilokosa andika sentensi nzima iliyo sahihi, sio herufi B peke yake, na chini yake andika kwa Kiswahili chako cha kawaida kilichokukosesha: sikuona "yesterday" nikaweka "has gone", nilisahau "s" ya "she walks", neno sikulijua, swali nililisoma mbiombio. Ukifika pepa ya tatu ya nne utaona makosa yako sio mengi kama ulivyodhani, ni machache yanajirudia rudia. Na hapo ndipo unajua pa kushika, kwa sababu anayekosa kwa kutojua neno na anayekosa kwa haraka hawatibiwi kwa dawa moja.

Halafu hilo daftari usilisome kwa macho tu. Funika jibu, jiulize, andika, ndio ufunue. Mwaka 2006 watafiti wawili wa Marekani, Roediger na Karpicke, waliwapa wanafunzi vifungu vya kusoma, wengine wakarudia kusoma, wengine wakaambiwa waandike wanachokumbuka bila kuangalia. Dakika 5 baadaye waliorudia kusoma ndio waliokuwa mbele. Wiki moja baadaye kibao kikageuka, waliojijaribu walikumbuka kama asilimia 56 na wenzao kama 42. Kwa hiyo ile hali ya kupitia noti mara ya tatu ukajiona umeiva usiiamini sana, inakuonyesha ulivyo sasa hivi, haikuonyeshi utakavyokuwa siku ya mtihani.

Komprehensheni naelewa stori yote lakini maksi zinakatwa moja moja, mwisho wa siku nimepoteza nusu. Kwa nini?

Kuelewa stori ni kitu kimoja na kujibu ulichoulizwa ni kingine. Swali limesema "in one word" wewe unaandika mstari mzima, limesema "in your own words" unanakili kutoka kwenye habari, maksi zinakwenda hivyohivyo na uelewa wako wote. Angalia pia swali lina maksi ngapi, maana likiwa na maksi 2 mara nyingi wanataka vitu viwili, sasa ukitoa kimoja hata ukieleze vizuri namna gani unapata 1.

Kuna lile la maana ya neno kama lilivyotumika kwenye habari, hapa wengi wanapoteza bure kabisa. Neno ni "abandoned" kwenye sentensi "They abandoned the house", wewe unajibu "to leave". Maana umeipata lakini umbo sio lenyewe, jibu ni "left". Kipimo chake ni rahisi, chukua jibu lako liweke kwenye sentensi ileile mahali pa lile neno, usome. Likikaa vizuri na maana ikabaki, umepata. Na usinakili mistari minne ukitegemea jibu litakuwa humohumo ndani, msahihishaji anajua kabisa unabahatisha.

Kuhusu nini kinaanza, maswali au habari, mimi napendelea upitie maswali mara moja haraka bila kujibu, kisha usome habari yote mpaka mwisho ndio urudi.

Samari ya maneno 80 mimi kila siku naandika 120. Nifanyeje?

Usianze na sentensi. Anza na pointi fupi fupi kwenye karatasi ya rafu, ukiacha mifano yote, marudio yote na maneno yaliyonukuliwa. Orodha igeuze neno moja, "buses, lorries and taxis" inakuwa "vehicles", tayari umeokoa maneno matatu. Maoni yako usiweke hata kama mwandishi amekukera. Ukishaunganisha hesabu maneno kwenye rafu, sio kwenye safi.

Yale maswali ya kuandika sentensi upya bila kubadili maana yananimaliza mwalimu, hasa "Hardly" na "No sooner". Na kwesheni tagi.

Hili nalipenda kwa sababu ni eneo ambalo mtu akikaa nalo vizuri maksi zinapanda haraka, kanuni zake hazibadiliki badiliki.

Kiingereza kina maneno yenye harufu ya "hapana" ndani yake: never, rarely, hardly, no sooner, not only. Ukiyatanguliza mwanzoni mwa sentensi, kitenzi kisaidizi kinaruka mbele ya mtendaji kama vile unauliza swali. "Never have I seen such a crowd." "Rarely does she complain." "Not only did he lie but he also ran away." Sasa hawa wawili wanaokusumbua wana wenza wao, "hardly" anakwenda na "when", "no sooner" anakwenda na "than". "Hardly had I sat down when the phone rang." "No sooner had I sat down than the phone rang." Wengi wanaweka "when" kwenye zote mbili. "Only when" yeye ana tabia yake, kuruka kunatokea kipande cha pili: "Only when she left did I understand." Sio "Only when did she leave".

"Unless" tayari ina ukanushi ndani kwa hiyo "If you don't hurry" inakuwa "Unless you hurry", ukiongeza "don't" umegeuza maana. "Despite" haifuatwi na "of", "in spite" ndiyo inayoitaka.

Na kauli ya taarifa, hapa Kiswahili chetu kinatuponza na ni vizuri ujue kabisa kinatuponzaje. Sisi tunasema "aliniuliza naenda wapi", kile kitenzi cha ndani tunakiacha kwenye wakati uliopo na kwetu ni sawa kabisa. Mtu akihamisha hivyo hivyo anaandika "He asked me where am I going". Kiingereza kinataka vitu viwili pale, wakati urudi nyuma, na mpangilio wa swali uvunjwe, kwa hiyo "He asked me where I was going", na mwisho ni nukta, alama ya kuuliza hapana.

Kwesheni tagi, kanuni unayoijua ni sahihi, sentensi ikikubali tagi inakanusha na kinyume chake. Wanapokutegea ni hapa: "She hardly eats, does she?" kwa sababu "hardly" imeshakanusha. "Nobody called, did they?" "I am late, aren't I?" "Let's go, shall we?" Halafu kile kifupisho, "He's tired, isn't he?" lakini "He's finished the work, hasn't he?", yaani kabla hujaandika kirefushe kichwani ujue ni "is" au "has". Vilevile "You'd better go, hadn't you?" ila "She'd rather stay, wouldn't she?". Andika yako kumi ya aina hii kila baada ya siku chache, usiandike mia siku moja ukaacha.

Kwenye tuisheni tumepewa insha tano tukariri, tumeambiwa mojawapo lazima itoke. Ni sawa?

Hapana, na nasema hivi kwa uchungu kwa sababu naona watoto wenye akili zao wanapoteza muda mwingi kwenye hili. Insha ya kukariri inajulikana, aya ya kwanza inakuwa na Kiingereza cha kung'aa halafu pale mada inapotofautiana kidogo na uliyoikariri mwanafunzi anaanza kujikwaa, lugha inabadilika ghafla kama ameandika mtu mwingine. Mbaya zaidi unakuta ameulizwa kuhusu urafiki yeye anasimulia safari kwa sababu safari ndiyo aliyonayo. Hiyo ni nje ya mada, na lugha nzuri haikuokoi.

Muda huohuo utumie kufanya mazoezi ya kupanga. Chukua kichwa chochote cha pasti pepa, jipe dakika 5, andika mistari mitano: nani, wapi, tatizo nini, likaisha vipi, nini kilibadilika. Usiandike insha yenyewe, hamia kichwa kingine. Ukifanya hivyo na vichwa vingi hakuna mada itakayokutisha, halafu insha nzima andika moja kwa wiki na itafutie mtu wa kuisoma.

Ukimaliza kuandika usihakiki kila kitu kwa pamoja maana jicho linachoka. Pita mara ya kwanza ukiangalia vitenzi tu, kwa sababu hadithi nyingi zinaanza wakati uliopita, ikifika kwenye utamu zinahamia wakati uliopo bila mwandishi kujua. Pita mara ya pili ukitafuta "he" na "she" tu, Kiswahili hakitenganishi mwanaume na mwanamke pale kwa hiyo mkono unaandika "my mother said he was tired" na wewe unajua fika mama ni mwanamke. Mara ya tatu tafuta yale maneno yasiyo na wingi, information, advice, furniture, equipment, luggage, yote hayabebi "s". Na "discuss about" ukiiona kata hiyo "about".

Niandike "colour" au "color"?

Zote sahihi. Ya kwanza ni ya Uingereza, ya pili ni ya Marekani na kamusi ya Noah Webster ya mwaka 1828 ilichangia sana kuieneza kule. Tumia ile inayofuatwa na mtihani wako na usichanganye, sio aya ya kwanza "centre" aya ya tatu "center".

Nikiongea Kiingereza darasani wananicheka, na mtihani wa kuongea unakaribia. Naogopa.

Pole sana mdogo wangu. Kuchekwa kunauma na kunafunga mdomo kweli. Anza mahali ambapo hakuna wa kukucheka, wewe na simu, jirekodi dakika 2 ukisimulia jambo lolote, sikiliza, rekodi tena jambo lilelile. Ya pili karibu kila mara inakuwa bora. Ukizoea, mtafute rafiki mmoja unayemwamini.

Kwenye matamshi usihangaike kuongea kama mtu wa London, lafudhi yako sio kosa. Kinachofanya usieleweke mara nyingi ni mkazo. Kiswahili karibu maneno yote yanakazwa silabi ya pili kutoka mwisho, tumezoea hivyo tangu utotoni, lakini Kiingereza mkazo unahama. "Photograph" unakaza mwanzo, "photographer" unakaza silabi ya pili, "photographic" ya tatu. "Record" ikiwa nomino unakaza mwanzo, ikiwa kitenzi unakaza mwisho. Kamusi nzuri inaweka alama ndogo kama mkato wa juu kabla ya silabi inayokazwa, izoee. Irabu nazo, sisi tuna tano, wao wanazo zaidi ya hizo, ndiyo maana "ship" na "sheep" kwetu zinatoka sawa. Ila "thin" usiseme "sin", sauti hiyo unayo tayari kwenye "thamani", na ile ya "then" iko kwenye "dhahabu". Herufi bubu pia, "b" ya "debt" na "s" ya "island" hazisomwi.

Zimebaki wiki mbili na sijasoma kitu cha maana. Nianzie wapi?

Usinunue kitabu kipya cha grama. Fanya pepa moja kamili kwa muda wa mtihani, saa mbele yako, simu mbali, ujue sehemu gani inakula muda wako na sehemu gani inakula maksi zako. Hizo mbili ndizo utakazoshughulika nazo, nyingine ziache zilivyo. Soma kidogo kila siku badala ya kukesha siku mbili, na usiku wa kuamkia mtihani lala, ubongo uliochoka unasoma "not" usiione.

Mwalimu mimi ni mzazi, Kiingereza changu kidogo sana, mtoto yuko kidato cha mwisho. Naweza kumsaidia kweli?

Unaweza mama, na zaidi ya unavyofikiri. Akishasoma komprehensheni mwambie afunge kitabu akusimulie kwa Kiswahili kilichoandikwa. Akiweza kukusimulia mpaka ukauliza maswali na akajibu, ameelewa. Akianza kuzungukazunguka, arudi kusoma, na wewe hujahitaji kujua Kiingereza kumgundua. Mshikie saa anapofanya pepa ili asijiongezee dakika. Mwombe akusomee kwa sauti ukurasa mmoja jioni, we sikiliza tu, pale anapokwama kwama mwambie aweke alama kwa penseli, kesho aende nazo kwa mwalimu wake.