Kabla hujaandika kwamba jicho la panya ni la kurithi

Ukikuta panya mwenye lenzi nyeupe au jicho dogo, usikimbilie jeni. Uliza kwanza: panya huyu ni wa ukoo gani, na ukoo huo una macho gani tangu zamani? Wanafunzi wengi huruka swali hili, kisha miezi sita ya kupandisha inapotea.

Panya weupe wanaotolewa kwa jina la "Swiss" tu, bila karatasi ya ukoo, wachukuliwe kwa tahadhari kubwa. Baadhi ya makundi ya Swiss hubeba rd1, mabadiliko kwenye jeni ya Pde6b. Koo za C3H/HeJ, FVB/N na SJL/J zinayo pia. Panya mwenye nakala mbili za rd1 huanza kupoteza seli za fito, zile zinazoona kwenye mwanga hafifu, karibu siku ya 10 baada ya kuzaliwa, hata kabla hajafumbua macho. Akiachishwa kunyonya siku ya 21, karibu zote zimekwisha. Lakini jicho linang'aa, anakula, anazaa, na hakuna anayejua kwamba ni kipofu. Soma jina la ukoo mpaka herufi ya mwisho: C57BL/6N hubeba rd8, mabadiliko mengine yanayoharibu jicho, kwenye jeni ya Crb1, C57BL/6J haina.

C57BL/6 zina mtego mwingine. Mara kwa mara huzaa mtoto mwenye jicho moja dogo au asiye nalo kabisa, zaidi upande wa kulia, zaidi kwa majike. Hiyo si jeni mpya. Linganisha na Small eye, mabadiliko ya Pax6: nakala moja inatosha kufanya macho yawe madogo, nusu ya watoto huipata ukipandisha na panya mzima, na wenye nakala mbili huzaliwa bila macho na kufa.

Baada ya ukoo, kagua chumba. Hapa Uganda mchana ni karibu saa 12 mwaka mzima, kwa hiyo kuna wanaoona dirisha linatosha. Halitoshi. Tundu la panya lililo karibu na dirisha hupata mwanga mkali mno, na panya weupe kama BALB/c, wasio na rangi ya kukinga retina (utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga), huharibika seli za fito kwa mwanga tu. Funika dirisha, tumia taa yenye saa ya kuwasha na kuzima, saa 12 kwa 12, mwanga usizidi lux 325 (lux ni kipimo cha ukali wa mwanga) mita moja juu ya sakafu. Hamisha matundu ya rafu ya juu kwenda chini kila wiki. Saa hiyo iwe na betri yake, maana umeme ukikatika na kurudi usiku, saa isiyo na betri hupoteza majira na taa zinaweza kuwaka hadi asubuhi.

Randa za mbao wanazolalia zichekechwe vumbi. Konea, utando angavu wa mbele ya jicho, iliyokwaruzwa na vumbi huacha kovu jeupe linalofanana sana na ugonjwa wa kuzaliwa. Chakula cha kuchanganya wenyewe, mahindi, soya na mukene (dagaa), kinahitaji vitamini A, nayo hupungua kwa joto na kukaa ghalani. Changanya cha wiki chache, si cha miezi.

Uchunguzi wenyewe ufanyike panya akiwa macho, kila inapowezekana. Weka tone moja la tropikamaidi ya asilimia 1, dawa ya kupanua mboni, subiri dakika 5 hadi 10, mshike ngozi ya shingo, angalia konea na lenzi kwanza, halafu retina. Ukimlaza kwa dawa za usingizi, ketamini na zailazini, jicho hubaki wazi bila kupepesa, linakauka na kupoa, na ndani ya dakika chache lenzi inaweza kugeuka nyeupe. Akiamka, inarudi kuwa safi. Mtoto wa jicho wa namna hii ameshaingia kwenye madaftari mengi. Kama lazima alale, paka jeli ya macho mara moja, mweke juu ya mkeka wenye joto, na yeyote mwenye lenzi nyeupe apimwe tena kesho yake akiwa macho.

Kibali kitangulie kupandisha: kamati ya maadili ya chuo chako, kisha usajili wa Baraza la Taifa la Sayansi na Teknolojia la Uganda.

Dume 1 na majike 2 kwa tundu. Mwenzi atoke ukoo usio na rd1 wala rd8, C57BL/6J kwa mfano. Ukikosea hapo, upofu wa mwenzi utachanganyika na dalili unayoifuata. Watoto wa kwanza wakiwa wazima wote, wapandishe wao kwa wao na utegemee robo yenye dalili. Hesabu watoto siku ya kuzaliwa na tena siku ya 21. Tuseme umeachisha 80, na wenye dalili ni 11 badala ya 20. Kai-mraba, kipimo cha tofauti kati ya ulichopata na ulichotegemea, ni 5.4; imepita kikomo cha 3.84, kwa hiyo usiseme ni bahati. Rudi kwenye hesabu ya siku ya kuzaliwa: kama walizaliwa 95, huenda wenye dalili ndio waliokufa. Kama hakuna aliyepungua, huenda wapo walio na nakala mbili bila kuonyesha dalili, na hao utawajua kwa DNA tu.

Kwa DNA, kipande cha sikio cha milimita 2 kinatosha: maikrolita 75 za hidroksidi ya sodiamu ya milimola 25 yenye EDTA ya milimola 0.2, nyuzi 95 kwa dakika 30, poza, ongeza maikrolita 75 za Tris-HCl ya milimola 40. Pima rd1 kwa panya wote waanzilishi.

Jicho la kukatwa ili kutazamwa kwa hadubini liwekwe alama juu kabla ya kulitoa, kisha litumbukizwe kwenye maji ya Davidson, dawa ya kuhifadhi tishu. Formalini peke yake hubandua retina. Mkato upite kwenye mshipa wa fahamu wa jicho, kwa sababu retina ni nyembamba pembeni na itakudanganya. Hapo hesabu safu za viini vya nje, yaani viini vya seli zinazopokea mwanga: panya asiye na ugonjwa ana kama 10, na mwenye rd1 aliyeachishwa kunyonya hubaki na moja hivi.