Wasomaji Wauliza: Safari ya Kwanza kwa Meli ya Kitalii

SWALI: Mimi na mzee wangu tunastaafu ualimu mwaka huu. Wakala ametuonyesha safari ya siku saba kwa meli kutoka Barcelona, na bei imetuvutia. Tulipe amana? – Mwalimu, Kisumu

JIBU: Bado, Mwalimu. Kwanza mwambie wakala awape orodha ya bandari zote ambazo meli itatia nanga. Hizo ndizo zinazoamua viza, na bila viza bei nzuri haina kazi. Meli ikitoka Barcelona ikapita Marseille, Genoa na Naples kisha ikarudi, viza ya Schengen, yaani ile ya pamoja ya nchi nyingi za Ulaya, inatosha. Ikiingiza Tunis au Istanbul katikati, mmetoka Schengen, na kurudi Barcelona ni kuingia upya. Hapo inahitajika viza ya kuingia zaidi ya mara moja. Mwenye viza ya mara moja kwa kawaida huzuiwa siku ya kupanda, maana kampuni hukagua hati za njia nzima, na nauli hairudi. Kujitetea kwamba hutashuka Tunis mara nyingi hakusaidii.

Ombi hupelekwa kwa nchi mtakayokaa siku nyingi zaidi. Zikilingana, kwa nchi mtakayoingilia. Hupokelewa kuanzia miezi 6 kabla ya safari, na lisichelewe kupita siku 15 kabla. Bima ya matibabu isipungue yuro 30,000, nayo itaje wazi safari za meli na kuhamishwa kwa dharura. Matibabu ya melini huingizwa kwenye bili yenu, na SHA, bima ya afya ya serikali ya Kenya, haifiki huko. Pasipoti ibaki na angalau miezi 6 baada ya siku ya kurudi. Ikiwa imekaribia kuisha, ombeni mpya kwa eCitizen, tovuti ya huduma za serikali, sasa. Alama za vidole zinachukuliwa hapo hapo Kisumu, ofisi ya Uhamiaji.

Ushauri wetu? Anzeni na Durban. Tangu Januari 2023 Mkenya huingia Afrika Kusini bila viza, hadi siku 90 kwa mwaka. Meli huondoka huko wakati wa joto lao, takriban Novemba hadi Machi, na zipo safari za usiku 3 au 4, kwa hiyo bahari isipowafaa hasara ni ndogo. Nyingi hugusa Msumbiji. Ulizeni kampuni, kwa maandishi, mwenye pasipoti ya Kenya anatakiwa awe na nini, kwa sababu vipeperushi vyao vimeandikiwa raia wa Afrika Kusini. Na msisahau cheti cha homa ya manjano: huanza kutumika siku 10 baada ya chanjo, kisha ni cha maisha. Aliyechanjwa wiki ya safari ni sawa na asiyechanjwa.

SWALI: Bei iliyotangazwa ndiyo yote? Nasafiri peke yangu. – Msomaji, Nakuru

JIBU: Siyo. Bei hiyo ni ya mtu mmoja kati ya wawili wanaoshiriki chumba. Ukiwa peke yako, jiandae kulipa karibu nauli ya wawili. Chakula cha mkahawa mkuu, maonyesho na bwawa vimo. Soda, pombe, intaneti na matembezi ya bandarini kwa kawaida havimo. Kinachowashtua wengi ni bakshishi ya lazima, inayohesabiwa kwa kila usiku: kwa mfano dola 16 kwa usiku 7 ni dola 112. Uliza kama imo kwenye nauli kabla ya kulinganisha kampuni mbili.

Kadi ya benki ya kawaida pia ina usumbufu wake: meli huzuia kiasi fulani kwenye akaunti, na pesa huweza kuchelewa kuachiliwa hata baada ya kushuka. Kadi ya mkopo au pesa taslimu ni afadhali. Simu nayo iweke kwenye hali ya ndegeni meli ikiondoka, la sivyo itashika mtandao wa baharini na bili itakuliza.

SWALI: Hata feri ya Mbita hunitapisha. Nitaweza? – Mama wa watoto wawili, Luanda K'Otieno

JIBU: Pengine utaweza, Mama. Mawimbi ya ziwa ni mafupi na hurusha chombo kidogo. Meli kubwa huyumba polepole, na nyingi zina mapezi ya kutuliza mrusho. Chagua chumba cha katikati ya meli, ghorofa za chini, kwa kuwa meli hupanda na kushuka kama pembea na kitovu ndicho kisichoenda mbali. Usikubali chumba kitakachopangwa na kampuni baadaye, hata wakikupunguzia. Muulize mfamasia kuhusu cinnarizine. Humezwa kabla ya kichefuchefu kuanza, na huleta usingizi. Tumbo tupu huzidisha shida.

SWALI: Meli inaondoka Durban saa kumi na moja jioni. Naweza kuruka kutoka Kisumu asubuhi hiyo hiyo? – Msomaji, Kakamega

JIBU: Usijaribu. Kuna kuunganisha Nairobi na pengine Johannesburg, na lango la meli hufungwa saa moja au zaidi kabla ya kuondoka. Fika jana yake. Acha nyumbani pasi ya nguo, maana hunyang'anywa langoni. Dawa, pasipoti na nguo za kuogelea ziwe kwenye mkoba wa mkononi, kwa kuwa sanduku kubwa hufika chumbani jioni.