Dumu la lita 20, kilo 18 na ushei: mafuta mengine yameenda wapi?

Swali: Habari za kazi, mhandisi. Mimi nakamua alizeti hapa Kibaigwa. Juzi mteja wa Dodoma mjini kaweka dumu langu la lita 20 kwenye mizani, ikasoma kilo 19.4, na dumu tupu ni kilo moja. Anadai nimempunja kilo moja na nusu, wakati nilipima lita kamili. Isitoshe mafuta ni mazito kuliko maji, iweje yawe na kilo chache? Na jambo lingine: nikijaza jioni yanapotoka mashineni, asubuhi nayakuta yameshuka shingoni mwa dumu, na mlango nilifunga mwenyewe.

Jibu: Nzuri, ndugu yangu. Hukumpunja mtu, na mizani haina kosa. Mnagombanishwa na neno "zito". Tukisema uji mzito au mafuta mazito, tunazungumzia kunata na kumiminika kwa uvivu. Gunia zito ni habari nyingine kabisa. Mafuta ya alizeti hunata kuliko maji, lakini lita yake moja ina gramu 920 hivi, na lita ya maji ina gramu 1,000. Huo uzito uliomo katika ujazo fulani ndio densiti tuliyofundishwa shuleni. Zidisha 0.92 kwa 20, unapata kilo 18.4, zilezile alizozikuta. Angejaza asali ya Singida kwenye dumu hilohilo angebeba kilo 28 hivi, na hapo sidhani kama angelalamika.

Kuelea nako kunatoka hapo. Tone la mafuta likiwa ndani ya maji limekalia nafasi ya maji yenye uzito kuliko lenyewe, basi maji yanalisukuma juu kwa nguvu inayoushinda uzito wake. Liwe tone au liwe pipa zima, matokeo ni yaleyale. Ndiyo maana maji yakiingia kwenye pipa lako hukaa chini, na koki ya kuyatolea hufungwa chini. Ndiyo maana pia usimwagie maji kikaango kinachowaka: yanazama chini ya mafuta, yanageuka mvuke ghafla, na mvuke unarusha moto hadi darini.

Kunata kuna kazi yake, ila si ya kuamua nani azame. Zile chembe za mashudu zinazochafua mafuta mapya zitazama tu, kwa kuwa densiti yake ni kubwa. Kunata kunaamua zitachukua muda gani. Mafuta yenye joto hunata kidogo, chembe hushuka upesi. Ya baridi hukuchelewesha siku kadhaa.

Sasa huyo mwizi wa usiku. Mafuta hutanuka kwa takriban asilimia 0.7 kila joto linapopanda nyuzi 10. Tuseme yametoka mashineni na nyuzi 60, asubuhi yako 25. Tofauti ya nyuzi 35 ni kama asilimia 2.5, yaani nusu lita katika dumu lako. Ujazo umesinyaa, densiti imepanda kidogo, kilo hazikuguswa. Anayenunua kwa lita mafuta ya moto analipia hiyo nusu lita, kwa hiyo ukitaka amani acha yapoe kwanza. Mimi ningeuza kwa kilo, kwa mizani yenye muhuri wa Wakala wa Vipimo.

Mteja akibisha, mfanyie hesabu mbele yake. Chukua chupa kavu ya maji ya nusu lita, uipime ikiwa tupu. Ijaze maji hadi mdomoni, pima. Mwaga, ikaushe vizuri, ijaze mafuta hadi mdomoni palepale, pima tena. Toa uzito wa chupa kote kuwili, kisha gawa mafuta kwa maji. Maji yakiwa gramu 530 na mafuta 488, jibu ni 0.92. Likitoka nje ya 0.91 na 0.93, kwanza shuku mizani, au mafuta hayajapoa, au kuna maji chini.

Ila usitumie chupa hiyo kumkamata anayechanganya alizeti na mafuta mengine ya kula. Densiti zake zimekaribiana mno, na mizani ya jikoni haitaona tofauti.