Kislovenia au Kiasami: kipi uanze nacho?

Ndugu, umeuliza kama lugha hizi zina undugu wowote, na ipi itamsumbua zaidi Mswahili. Kislovenia ni cha Slovenia, Ulaya; Kiasami ni cha Assam, India. Undugu upo, ila wa mbali: zote ni za ukoo wa Kihindi-Kiulaya. Mbili ni dva kwa Kislovenia (au dve, kutegemea jinsia ya neno), dui kwa Kiasami.

Tofauti kubwa utaiona ukihesabu vitabu. Kislovenia kina uwili, yaani umbo la pekee kwa vitu viwili, na mwisho wa neno hubadilika kwa idadi: ena knjiga, dve knjigi, tri knjige, pet knjig. Hapo wengi hukwama, kwa sababu kuanzia tano neno huruka kwenye uhusika mwingine (umbo la nomino linaloonyesha kazi yake katika sentensi), na uhusika uko sita. Usikariri neno peke yake. Likariri pamoja na namba 1, 2, 3 na 5.

Kiasami hakigusi mwisho wa kitap (ndiyo, ni kitabu chetu, kutoka Kiarabu). Namba ndiyo hubeba kiambishi: dukhon kitap, na -khon ni ya vitu bapa. Mtu huchukua -zon. Kwa aliyezoea ngeli, wazo hili si geni. Ukanushaji nao hukaa mbele ya kitenzi, kama kwetu: lage, inahitajika, nalage, haihitajiki.

Kazi ya Kiasami iko kwenye maandishi. Tenga wiki tatu za hati kabla ya sarufi, na ukinunua chati ya Kibengali, ambacho hati yake inakaribia kuwa ileile, angalia herufi ৰ na ৱ, maana Kibengali hakizitumii.

Ningeanza na Kiasami.